Chombo Nilichokiona Chini ya Bahari

Mtu wa milimani alipwe kutazama chini ya bahari, tena akiwa Voi, anameza vumbi la malori! Hata mimi nilicheka nilipopata kazi hiyo. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Huko pwani meli ilipita ikipiga sauti majini, mwangwi wake ukachora picha za sakafu ya bahari, na picha zikaletwa kwetu. Sisi tulizipaka rangi kwenye kompyuta: mchanga manjano, nyasi za bahari kijani, mwamba kahawia, chombo kilichozama nyekundu. Akili mnemba ilijifunza kwa rangi zetu, kisha ikapaka yenyewe bahari iliyobaki, ili wapangaji wajue wavuvi wavue wapi, nyaya zipite wapi na samaki waachwe wapi wazaliane.

Sikumwambia mtu ofisini kwamba kaka yangu yumo humo.

Alikuwa mpishi kwenye meli ya uvuvi. Mtu wa Werugha, huko kwetu milimani, kuogelea hajui, maji aliyoyazoea ni ya kumwagilia kabichi. Meli ilizama, sasa ni mwaka wa nne. Wenzake wakaokotwa, yeye hapana. Kwetu mtu huzikwa nyumbani, na Mama alikataa ibada isiyo na mwili. Kando ya kaburi la Baba aliacha kipande cha shamba, hapandi hata sukuma wiki. Majirani walimsema. Wacha waseme, wao watoto wao wako.

Kosa ni langu. Siku moja nilipanda kumwona Mama, nikamkuta anaponda kimanga cha mihogo na maharagwe, nami nikaropoka habari za kazi yangu. Akaacha kuponda. Akataka kujua kama hiyo kompyuta inaweza kuona meli. Ningemwambia bahari ni kubwa, tumepewa kipande tu. Nikamwambia inaweza.

Tangu siku ile macho yangu yaliharibika. Kila jiwe refu niliona lina ubavu wa meli, nikalipaka nyekundu. Lenye shaka, nyekundu. Ndipo asubuhi moja mashine ikaniletea picha ambayo mkono wangu haukuigusa. Imepaka doa jekundu, chombo, urefu wake kama wa meli ya kaka, si mbali na pale wenzake walipookotwa. Nililia mbele ya watu. Nikampigia Mama hapo hapo, nikamwambia kompyuta imemwona. Hata neno “huenda” sikulitia. Mungu anisamehe.

Wiki mbili baadaye msimamizi wetu, mwanamke mpole asiyepandisha sauti, aliniita chumbani kwake. Ramani kwenye meza yake ilikuwa na madoa mekundu kama mtoto mwenye surua. Wapiga mbizi walikuwa wameshuka kwenye lile doa langu wakakuta jiwe. Wameshuka kwenye jingine, jiwe. Akafuata kosa nyuma, picha kwa picha, hadi kwenye meza yangu. Kumbe mashine haikuona kitu. Ilikuwa imejifunza kwangu kutamani meli.

Aliniuliza kwa nini, nami nikamweleza yote. Akainuka kufunga mlango, akaniacha nilie. Kisha akasema itabidi nirekebishe mwenyewe, moja moja. Kwa siku tatu nilibadili nyekundu kuwa kahawia. Mashine ikafundishwa upya, na lile doa halikurudi tena.

Jumamosi nikapanda Werugha. Sikufika hata mlangoni. Mama alikuwa shambani, kando ya kaburi la Baba, amesimama ndani ya shimo linalomfika magotini. Alikuwa amelichimba peke yake, kwa jembe lake la viazi.

“Mama, lilikuwa jiwe,” nikamwambia. “Ni mimi niliyeifundisha kompyuta vibaya.”

Hakulia. Alifuta udongo mikononi kwa leso yake, polepole, kidole kwa kidole.

“Basi rudi ukaifundishe vizuri,” akasema. “Mimi nitangoja.”

Nilirudi. Nikafanya kazi kwa uaminifu, jiwe nikaliita jiwe. Mwezi uliopita ramani ilikamilika, ikakabidhiwa wenyewe. Kile kipande chote cha bahari ni mchanga, nyasi na mwamba. Sasa tunapaka rangi picha za mashamba ya mkonge ya huku kwetu, zilizopigwa kutoka angani, na bahari hakuna anayeitaja tena.

Mama sijamwambia. Mvua zimenyesha, na shimo likijaa maji huyachota kwa ndoo. Kila Jumapili akitoka kanisani hunipigia simu, anauliza kama bado tunatafuta. Nami namjibu, “Bado, Mama. Bado tunatafuta.”