Kwenda Embu Kuutazama Moyo wa Mtoto

Kilichotutoa nyumbani ni kimya cha mpiga skani. Pale Meru mjini, alipokuwa akimpima mke wangu Kathure, alikuwa akiongea vizuri tu: kichwa hiki hapa, mguu huu unapiga teke. Alipofika kifuani akanyamaza. Akarudia, akanyamaza tena, kisha akasema hajapendezwa na mishipa ya moyo wa mtoto. Yuko daktari wa watoto walio bado tumboni, huja Embu siku fulani za wiki. Twende, na tusikawie.

Mimi ni mtu wa miraa, wa Mikinduri. Kazi yetu haijui kukawia: unachuma, unafunga, unakimbiza kabla haijanyauka. Lakini neno lile likitoka kwa mtu wa hospitali lina uzito mwingine. Niliogopa, na woga wangu hukimbilia miguuni.

Asubuhi tuliondoka na pikapu ninayosombea miraa. Mama yangu, tunayeishi naye boma moja, alibaki na binti yetu Makena. Hatujafika hata Nkubu, Kathure akanishika mkono.

“Baba Makena, leo huko nyuma hakuna miraa. Ni mimi umebeba.”

Nikapunguza mwendo. Baada ya muda mguu ukalemea tena mafuta bila kuulizwa. Chuka tulisimama, nikanunua ndizi mbivu ambazo hakuna aliyezitaka, nikazunguka gari nikipiga magurudumu teke kama mnunuzi. Kwenye kona za Thuchi, pale barabara inapoteremka hadi mtoni na kupanda upande wa pili, nilitii kwa kuwa kona zenyewe hazina mzaha.

Jioni tulifika Kianjokoma, kwa tata, dada ya mama mkwe wangu, aliyeolewa huko kwenye majani chai. Baridi yake ni ya kuingia kwenye mifupa. Alitupakulia githeri ya moto, mahindi na maharagwe, na mimi kila vijiko viwili nilikuwa nimeinuka kutazama simu, kutazama gari, kutazama ng’ombe wake ambaye hakuwa na neno nami.

“Kaa chini, mwanangu, unanichokesha,” tata alisema. “Huyo ng’ombe haendi popote.”

Kathure alipokwenda kulala, tata aliweka kuni nyingine jikoni. “Wa pili wangu alizaliwa analia vizuri,” akasema. “Kufika kesho yake midomo ikawa rangi ya samawati, kisha akaenda. Tuliambiwa ni baridi. Mpaka leo nikimkumbuka, najilaumu ni kama sikumfunika vizuri.”

Nilimwambia pole, nikaenda kulala na sikulala.

Siku iliyofuata tuliteremka Embu mjini. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, na aliniruhusu nisimame kando ya kitanda. Alimpaka Kathure ile jeli baridi, akasukuma kifaa huku na huku. Mtoto alikuwa ametugeuzia mgongo.

“Unaona huu uti wa mgongo? Umeziba kila kitu,” akasema. “Mama, nenda utembee kidogo, ukule kitu tamu. Tumpe nafasi ageuke.”

“Na asipogeuka?” nikauliza.

“Tutangoja.”

“Si umtingishe kidogo, daktari? Tumetoka mbali.”

“Baba, huyu hatumkimbizi.”

Basi zile ndizi za Chuka zikapata mlaji. Tulizunguka ua wa hospitali, Kathure akitembea polepole ameshika kiuno, mimi nikimpita, nikirudi, nikimpita tena. Wateja walipiga simu, nikaizima. Niliomba Mungu, kisha nikakasirika na Mungu, kisha nikaomba tena. Kathure aliniangalia akasema, “Ukizunguka hivyo utageuka wewe badala yake.” Tulicheka, kisha akaanza kulia, nikamshika.

Tuliporudi ndani mtoto alikuwa chali. Daktari alitazama sana, na safari hii hakutuacha na kimya. Alituonyesha mishipa miwili mikubwa inayotoka moyoni. Imebadilishana nafasi, akasema, unaokwenda mapafuni na unaokwenda mwilini.

“Akiwa ndani hana shida, kwa sababu damu safi anapewa na mamake. Shida inaanza akizaliwa, akianza kupumua mwenyewe. Kwa hivyo asizaliwe Mikinduri. Mhamie Nairobi mapema, azaliwe karibu na madaktari wa moyo, afanyiwe oparesheni haraka.”

“Atapona?” Kathure akauliza.

“Siwezi kukuapia. Lakini tukijua sasa, ana nafasi.”

Katika safari ya kurudi, Kathure alikuwa anawaza nguo za Makena na nani atamfunga nywele tukiwa mbali. Mimi nilikuwa nimekwenda Embu kutafuta neno moja, mzima au si mzima, nikajifunza kwamba mtoto anaweza kuwa mzima mahali pamoja na mgonjwa mahali pengine, na kwamba kazi ya mzazi ni kujua mpaka uko wapi kabla hajauvuka.

Mikinduri tulifika giza limeingia. Mama alisikiliza yote akiwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameshasaga unga wa uji wa mzazi.

“Huko Nairobi nani atampikia?” akauliza. Hakungoja jibu. “Basi nitafutieni pa kulala, hata kama ni sakafuni.”

Usiku Kathure aliweka mkono wangu tumboni. Mtoto alipiga teke, la nguvu, la mtu asiyekosa kitu. Nikainama, mimi ambaye sijawahi kumwambia mtu yeyote neno hili.

“Kaa hapo, mwanangu. Usiharakishe.”