Joto la Saa Kumi na Moja

Kasyoka ndiye fundi wa mitambo katika ushirika wetu wa maziwa huku Kathiani. Ni mama mpole wa watoto wawili. Haongei sana kwenye kamati, lakini akishasema neno, halirudishi.

Mwaka huu ushirika ulifunga kipimajoto ndani ya tangi la kupozea maziwa. Kinapima mchana na usiku, na kisanduku kidogo kinatuma vipimo kwa intaneti. Kazi ya Kasyoka ilikuwa kuchagua hifadhidata, yaani mahali pa kuweka vipimo hivyo, kila kimoja na saa yake. Alikuwa akijaribu mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilifunguka haraka hata kwenye simu ya mwenyekiti, mzee Ngui, na mchoro wake ulipendeza macho. Ya pili ilikuwa nzito, mchoro wake wa kijivu. Kasyoka alikuwa ameshamwambia Ngui kwamba ya kwanza inatosha.

Ndipo kiwanda kikakataa lori zima la maziwa yetu. Yalikuwa yameanza kuchacha. Ngui akafungua simu yake: mchoro ulionyesha joto likipanda kama mlima jana yake saa kumi na moja jioni, tangi likiwa limejaa. Aliyekuwa zamu ni Mwangangi, ambaye ameosha tangi hilo tangu liletwe. Kamati ikaitwa asubuhi hiyo hiyo. Kila mtu alijua anafutwa kazi.

Kasyoka alimkuta kwenye mlango wa chumba cha mashine.

"Mwaitu, mama yetu, mimi sikuzima hiyo mashine," Mwangangi alisema. "Nilikuwa hapa napokea maziwa. Uliza hawa kina mama."

Kasyoka aliingia ofisini akafungua ile ya kijivu. Kule, mlima ulikuwa saa tano asubuhi, wakati tangi lilikuwa tupu likioshwa kwa maji moto. Saa kumi na moja mstari ulikuwa umelala tu. Kipimajoto kimoja, hadithi mbili. Akakumbuka kwamba jana mvua ilikata intaneti tangu asubuhi, ikarudi jioni. Alidhani amejua, lakini kudhani hakungemsaidia Mwangangi, na kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa ameisifu ile ya kwanza.

Kamati ilipokaa, aliingia na kompyuta, kisanduku cha akiba na kipimajoto chake. Akachomoa waya wa intaneti, akatumbukiza kipimajoto kwenye kikombe cha mwenyekiti.

"Aiya! Na chai yangu?"

"Utapata ingine, mwenyekiti. Naomba muangalie saa ya ukutani."

"Huyu anatupikia nini?" mtu mmoja akauliza, wengine wakacheka.

Baadaye akakitoa kipimajoto, akakiweka kwenye glasi ya maji baridi, akangoja. Kicheko kikaisha. Ngui akaanza kugonga meza kwa kidole. Nje, Mwangangi alionekana dirishani, amesimama na kofia mkononi. Kasyoka hakuthubutu kumtazama. Je, kama zote mbili zingekosea?

Akarudisha waya.

Ile ya kwanza, kwenye simu ya Ngui, ikachora mlima mara moja, kwenye dakika hiyo hiyo intaneti iliporudi.

"Inasema haya maji baridi ndiyo yanachemka," alisema Kasyoka. "Inaandika saa ya kipimo kufika, si saa ya kupimwa."

Ya kijivu ilichelewa. Watu wote wakaisogelea kompyuta. Kisha mlima ukatokea nyuma, pale pale kipimajoto kilipokuwa ndani ya chai.

Ngui aliweka simu mezani. "Sasa maziwa yaliharibiwa na nani?"

"Hilo sijui. Lakini tangi lilikuwa baridi."

"Na si ni wewe uliniambia hii ya kwanza inatosha?"

"Ni mimi. Nilikosea. Tuchukue ya kijivu, na kabla hatujaiamini niikatie intaneti mara nyingi zaidi nione."

Hakuna aliyebisha. Mwangangi akaitwa ndani.

"Rudi kazini," Ngui alimwambia.

Mwangangi hakuondoka. "Narudi hii kesi ikiwa imeisha, ama narudi ikingoja ufungue simu tena?"

"Imeisha."

"Basi sema na huko nje. Ni huko nje nimeitwa mtoro wa zamu."

Ngui alimtazama Kasyoka, kama anayeomba aokolewe. Kasyoka alikuwa anakunja waya. Mzee akainuka, akaenda mlangoni ambako kina mama walikuwa wamepanga foleni na mitungi yao.

"Mwangangi hana makosa," alisema.

"Sauti!" mmoja akaitikia.

"Nimesema hana makosa!"

"Si hata sisi tulisema hivyo tangu asubuhi?" mama huyo akajibu. "Shida yetu ni kwamba hatuna mchoro."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwangangi akavaa kofia, akaupokea mtungi wa kwanza, akaufungua na kuyanusa maziwa polepole, kisha akamwashiria mwenye mtungi apite.