Kikapu cha Bibi Kilifika Ukutani

Sisi tuliokuwa wadogo Gisenyi enzi zile, tukiogelea ziwani na kuanika nguo juu ya mawe ili Mama asijue, tuliwahi kwenda kwenye hifadhi ya milima ya volkano. Nasema tulikwenda, na nitasema hivyo hivyo hata wanangu wakicheka. Wao wakisikia hifadhi wanataka picha ya sokwe na kijana wa kuwabebea begi. Mimi sina picha hata moja. Safari yote ninayo kichwani, na anayesema haikuwa safari, aje tubishane.

Tulikaa Rugerero, nje kidogo ya mji. Asubuhi zisizo na mawingu Bibi, mama yake Baba, alikuwa akipepeta maharage uani huku macho yake yakiwa kwenye mlima Karisimbi. Alizaliwa chini ya mlima ule. Aliondoka akiwa msichana, akazeekea Karagwe, Tanzania, akarudi nasi akiwa anatembelea fimbo. Alitaka kitu kimoja tu: kufika tena ukingoni mwa msitu alikokuwa akikata mianzi na baba yake, kabla miguu haijamgomea kabisa. Majirani wakasema ni mzee mno, wakasema kule kunanyesha, wakasema siku hizi hapaingiliki ovyo. Bibi akajibu kwamba yeye alikuwa akipanda kule kabla hao wanaomkataza hawajazaliwa.

Baba alikuwa na pikapu ya kubebea viazi kutoka Kanama. Jumapili moja, baada ya misa ya kwanza, akaifagia na kumsaidia Bibi kupanda mbele. Mimi na mdogo wangu Kalisa tukatupwa nyuma chini ya turubai. Mama alibaki na mtoto mchanga, lakini alitufungia kikapu: viazi vya kuchemsha, ndizi mbivu, na sambaza, vile visamaki vya ziwani, alivyovinunua Rubona na kuvikaanga hadi vikalia chini ya meno. Harufu yake ilitufuata barabara nzima. Mpaka leo nikipita penye karai la sambaza, nawakumbuka wote.

Watoto wa leo wanakula wakitembea, wanakula ndani ya basi, wanakula huku wanaongea na simu na makombo yanaangukia kioo. Bibi angezimia. Kwake yeye mtu mwenye adabu hali njiani. Unakula ndani ya nyumba, au pale ambapo mwenyewe amekukaribisha. Sasa Baba, aliyekulia Karagwe ambako hindi la kuchoma huliwa stendi bila aibu, alijisahau. Tulipofika Mahoko akanunua hindi dirishani, akaling'ata hapo hapo.

"Unakula njiani kama mbuzi!" Bibi akamfokea. "Na watoto wanakutazama!"

Baba, mwanaume mwenye ndevu zake, akalificha hindi chini ya kiti. Sisi tuliona yote kupitia kile kioo cha nyuma, tukacheka mpaka tukashika matumbo. Kicheko kilikatika pale Bibi alipokipakata kikapu na kutangaza kwamba hakifunguliwi mpaka ukingoni mwa msitu.

Tulipita Bigogwe na baridi yake, tukaiacha lami Mukamira, tukaanza kupanda barabara ya mawe meusi iliyotupiga makalio mpaka tukasahau njaa, kisha tukaikumbuka tena. Mahali fulani Bibi akagonga kioo. "Simama. Msitu ni hapa."

Hapakuwa na msitu. Kulikuwa na shamba la pareto, maua meupe hadi macho yanapoishia. Bibi akatazama kulia, akatazama kushoto. "Basi ni juu kidogo," akasema. Juu kidogo palikuwa na viazi. Ndipo hata sisi watoto tukaelewa: wakati yeye yuko Karagwe, msitu ulikuwa umekatwa, ukabaki juu zaidi ya pale alipouacha. Sijawahi kumwonea mtu huruma kama nilivyomwonea siku ile, na nilikuwa na njaa ya kulia.

Mvua ikaanza. Gurudumu likazama kwenye tope katikati ya mawe, pikapu ikagoma.

"Mama, turudi," Baba akasema. "Mlima umeuona, inatosha."

"Mlima nauona kila siku nikiwa nyumbani," Bibi akasema. "Sikuja kuuona."

Akafungua mlango, akajitwisha kikapu, akashika fimbo, akaanza kupanda. Nitasema ukweli, mimi na Kalisa hatukumfuata Bibi. Tulifuata sambaza. Baba akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akatufuata akinung'unika.

Tukafika kwenye ukuta wa mawe, ule uliojengwa kuzuia nyati wasishuke mashambani. Ng'ambo yake, hatimaye, mianzi. Askari wa hifadhi akatoka kwenye kibanda chake cha mabati, mtu wa kando ya ziwa, nilimjua kwa Kiswahili chake.

"Mukecuru, bibi yangu, huku hapana kupita bila ruhusa. Ndani iko nyati, itakuumiza bure." Kisha akatutazama sisi tulivyolowa. "Lakini mvua ni mingi. Muingie kwa kibanda yangu."

"Hapa ni kwako?" Bibi akamuuliza.

"Ni kwangu, mama."

"Basi tumekaribishwa," akasema Bibi, akakitua kikapu na kukifungua. Tulikula sote watano tumebanana chini ya mabati, askari naye akila, na hakuna chakula nilichowahi kula kikafikia kile.

Mvua ilipopungua Bibi akausogelea ukuta. Ulimfika kifuani. Akapitisha mkono juu yake mpaka kwapani, kiganja kikazama kwenye majani mabichi ya upande wa pili.

"Mukecuru, si nimesema hapana kupita?"

"Miguu yangu iko wapi?" Bibi akamuuliza bila kugeuka.

Askari akaitazama. "Iko huku."

"Basi."

Akakaa hivyo muda mrefu, amefumba macho, machozi yanashuka na hayafuti. "Ni baridi ileile," akasema. Yule askari akageuka, akaanza kuchunguza bati la kibanda chake. Bibi hakurudi tena kule. Miguu ilimgomea mwaka uliofuata, na hakulalamika hata siku moja.

Jumamosi hii wanangu wananipeleka hifadhini kwa gari lenye kiyoyozi. Wana vibali vyao mkononi, na wameshaagiza kuku wa kwenye boksi wa kula njiani. Nimewaambia kuku huyo abaki dukani. Nimeshanunua sambaza, na kikapu nitakipakata mimi. Asiyetaka ashuke Mahoko akale na mbuzi. Wao wataingia, watapiga picha zao, na ninawatakia heri. Mimi nitamtafuta mtu wa pale atukaribishe kwake, tule kwa heshima. Kisha nitausogelea ukuta na kupitisha mkono, na askari akinikataza, nitamuuliza miguu yangu iko wapi.