Wimbo Namba Moja wa Saluni za Albert Park

Siku yangu ya kwanza redioni, Mkuu wa Vipindi, mama wa Kitanzania asiyecheka ovyo, alinipa daftari badala ya kipaza sauti. "Kaka, orodha ya nyimbo kumi za injili utaitafuta kwa miguu," aliniambia. "Andika kinachopigwa, si unachokipenda."

Basi kila Alhamisi nilizunguka saluni na maduka ya simu ya Albert Park, mtaa wetu wa wahamiaji, nikikaa kidogo kila mahali na kuchora mstari kwa kila wimbo uliopigwa. Kazi hiyo tuliiita kuvuna. Jumamosi nilihesabu mistari, nikaisoma orodha hewani. Msicheke, vijana. Mtu anayesukwa nywele nusu siku havumilii wimbo asioupenda.

Mwaka mmoja mke wangu, Mama Furaha, alirekodi wimbo na wenzake watatu wa kanisani. Ukaingia namba moja, ukakaa wiki sita. Nilivimba kichwa, sikatai. Mkiani kabisa alikuwa kijana wa kiwandani kule Jacobs, aliyeimba injili kwa mtindo wa bluegrass: banjo na fidla zinakimbizana, na sauti zimebanana juu kwa juu. Mimi niliona ni kelele za ng'ambo.

Alhamisi moja nilisahau mwavuli saluni. Niliporudi, hata mlango sijaufikia, nikasikia banjo, na wanawake wote wanaimba. Kuniona tu, mwenye saluni akakimbilia spika.

"Kumbe nikitoka mnapiga huyu?" nikauliza.

"Papa, usikasirike. Tukikuonaka kule ku robot, unangojea taa ya barabara, tunageuza wimbo. Ule mwingine iko wimbo ya bibi yako. Tungefanya je? Ni heshima tu."

Nilirudi kila duka siku ile ile, jibu likawa hilo hilo. Niliumia. Mkuu wa Vipindi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Utawaambia wasikilizaji mwenyewe." Nikawaambia. Banjo ikapanda namba moja, na wimbo wa mke wangu ukatoka kwenye kumi kabisa.

Alininunia siku tatu. Ya nne akasema, "Mimi niliimbiaka Mungu. Namba moja, ni weye uliitaka." Ilikuwa kweli.

Tangu hapo nilijifunza kusimama nje kwanza, pembeni ya dirisha, nisikilize kabla sijaonekana. Nilifanya hivyo mpaka nikastaafu. Leo orodha zinapangwa na simu zenyewe, zinazohesabu kinachosikilizwa, nazo hazimwonei mtu haya.

Mwezi uliopita nilipita saluni ile ile, sina daftari. Kwa mazoea nikasimama pembeni. Ndani ulikuwa unapigwa wimbo wa Mama Furaha, na mtu anaufuatisha taratibu. Sikuingia. Nilimpigia simu mke wangu, nikainyoosha simu kuelekea mlangoni mpaka wimbo ukaisha.

"Walikuona?" akauliza.

"Hapana," nikasema.

Nikamsikia anavuta pumzi, kama anayetaka kuanza kuimba.