Kaa Kwanza, Mama

Nilikuwa namenya ndizi za mtori jirani yangu aliposimama mlangoni, kanga imemshuka begani.

"Mama, wamemtoa mkwe wangu kule kwenye kuimba."

Mkwewe huyo, mke wa mwanawe aliyeko Dar, amejifungua karibuni, na tangu hapo hacheki wala hamtazami mtoto. Muuguzi wa zahanati alikuwa akiwakusanya akina mama wa namna hiyo kila Alhamisi waimbe tu, watoto mapajani.

"Siku nyingine hasemi neno," jirani alisema. "Alhamisi ndiyo nilikuwa nasikia sauti yake."

Lakini sisi watu wa Machame, wakiimba watatu, wa nne anauliza sare ni rangi gani. Kikundi kimealikwa kanisani, kimetafutiwa mwalimu wa kwaya, na leo mwalimu alikuwa anagawa sauti. Alipomfikia huyu akainua kidole: "Wewe kaa kwanza, mama. Unawashusha wenzako."

Nilimkuta mkwe wake migombani, mtoto analia mapajani, yeye anatazama mfereji.

"Nawaharibia," akasema.

"Akina nani?"

"Wote. Hata huyu."

Nilimbeba mtoto, nikamshika mama yake mkono, nikawaleta jikoni kwangu. Nikaanza wimbo wao wa Alhamisi. Hakuitikia.

Kwaya itapendeza Jumapili, sina shaka.

Jioni nilipakua mtori, nikahesabu: wanangu, baba yao, jirani, kichanga, na yeye mbele ya bakuli linalopoa. Wote wapo, kama kuhesabu ni kuhesabu vichwa tu.