Jibu la Shemeji kwa Swali la Saba

Wacha niseme mwenyewe kabla watu hawajanisemea. Mimi ni karani wa kanisa, na karatasi iliyomtoa shemeji yangu kwenye kwaya niliipeleka mimi, kwa mkono wangu huu.

Shemeji alikuwa fundi wa mizani. Soko zima lilimjua. Akishaifungua mizani yako, akaifuta, akapanga mawe yake ya shaba mezani, usimwambie "iache hivyo hivyo izidishe kidogo." Angekurudishia na ubovu wake, ukatafute fundi mwingine. Muuza nyama mmoja ndiye aliyempachika jina la Gramu, kwa hasira, nalo likamganda. Hata dada yangu, mkewe, alimwita Gramu akiwa na furaha. Akinuna alimwita Mwalimu.

Maana Jumanne na Alhamisi jioni alikuwa mwalimu wa kwaya, miaka ishirini na miwili. Aliandika nota kwa chaki ubaoni, sauti nne, mstari kwa mstari, na mtu wa besi akiteleza alimsimamisha aimbe peke yake mpaka jasho limtoke. Walimsonya weee! Lakini ikifika Jumapili, wale wale waliomsonya walikodolea macho mikono yake kama watoto wanaogawiwa nyama.

Ilikuwaje akaacha kuamini? Watu wanataka kisa, eti alifiwa, eti alikorofishana na mtu. Hakuna kisa. Alinieleza baadaye kwamba iliisha polepole, kama maji kwenye sufuria iliyosahauliwa jikoni, na siku alipofunua hakukuta kitu. Alimwambia dada siku hiyo hiyo. Dada akacheka, akalia, kisha akamuuliza, "Sasa utaacha kwaya?"

"Kwaya naipenda."

"Basi nenda, umeshachelewa mazoezi."

Wakaishi hivyo miaka kumi na mmoja. Sisi wengine hatukujua lolote.

Akaja mchungaji mpya na fomu yake. Kila muumini ajaze, maswali kumi na mawili. La saba lilikuwa hili: Je, unaamini kwamba Mungu yupo? Jamani, nani husoma fomu ya kanisa? Watu walitia alama ya vema kutoka juu hadi chini, mmoja akatia vema hata penye tarehe ya kuzaliwa. Gramu akasoma. Akaandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni: "Hapana. Ila mimi ni Mkristo wa kanisa hili, na naomba niendelee na kwaya."

Niliisoma mara tatu. Nikafunga ofisi, nikaenda sokoni kwenye banda lake.

"Shemeji, umelewa?"

"Saa nne asubuhi?" Hakuinua hata macho.

Nikaitandika karatasi juu ya meza yake. "Hii nini?"

"Jibu."

"Mtu hawi Mkristo halafu hana Mungu! Hata watoto wa Shule ya Jumapili wanajua. Ni kama kusema umeoa ila huna mke."

Akaweka bisibisi chini. "Najua haikai sawa, shemeji. Nimeigeuza kila upande, haikai. Lakini hao wasio na dini nao si watu wangu, hata nyimbo hawazijui. Kumpenda jirani, kumwosha mgonjwa, kutosema uongo, hayo nayashika yote. Aliye nyuma ya hayo ndiye simwoni. Nimetafuta."

Nikatoa fomu tupu mkobani. "Jaza upya."

"Nimeulizwa, nimejibu."

"Tia vema tu, mwanamume wewe! Nani atakuja kukupima?"

Akaikunja fomu mara mbili, akanirudishia. Akaniuliza kama nimepita kwa dada, kama amekula alipoamka. Nikaitia fomu mkobani, nikaondoka.

Sasa sikieni. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeshazirekebisha fomu tatu kwa kalamu yangu. Mzee mmoja wa kanisa alikiri kwamba hajaifungua Biblia tangu siku ya harusi yake, nami nikamfungulia, kila siku asubuhi. Sikuona dhambi. Niliwaonea huruma. Ya Gramu ningeweza kuitia kwenye droo ikalala huko hadi mwisho wa dunia, na asingejua mtu.

Ila dada alikuwa mgonjwa wa figo, mwaka wa pili huo. Mara mbili kwa wiki alipelekwa hospitali kwenye mashine ya kusafisha damu, anarudi midomo imekauka, miguu imevimba. Mimi nilifunga na kuomba kila Ijumaa. Niliporudi ofisini na ile karatasi likanijia wazo, nalisema lilivyo ingawa linanitia aibu: kumbe ni huyu! Kumbe sisi tunaomba huku yeye anaziba njia, tena kitanda kimoja na mgonjwa. Nikaibana fomu yake juu ya zote, nikampelekea mchungaji.

Baraza la wazee halikukawia. Gramu asisimame mbele ya kwaya mpaka atakapokiri imani. Kuingia kanisani ruksa, kukaa benchi ruksa, mikono aiweke mapajani.

Nilimkuta dada sebuleni, ameegemea mito miwili, miguu ndani ya beseni. Gramu alikuwa amechuchumaa akimkanda kwa kitambaa. Dada hakunisalimu.

"Mdogo wangu, nani aliipeleka ile karatasi?"

Nilimtazama usoni, dada aliyenibeba mgongoni, aliyenisuka, aliyenifundisha kuandika jina langu.

"Sijui, dada. Fomu zilikuwa nyingi."

Gramu alikamua kitambaa, akakichovya tena majini.

"Mimi sina siku nyingi," dada akasema. "Msinidanganye, naziona sura zenu. Nilikuwa na ombi moja tu, mume wangu aniimbishie siku ya kunizika. Sitaki aniombee, najua hawezi. Aniimbishie. Nimeishi na kelele zile maisha yangu yote, leo nizikwe na mikono ya mwingine?" Akamshika Gramu bega. "Nenda ukaseme. Neno moja tu, Gramu wangu. Ninaamini. Sema, uje."

"Nitakwenda," akasema.

Alhamisi baraza likakaa, mimi kwenye kona naandika muhtasari kama kawaida. Gramu alivaa koti lake la Jumapili. Mchungaji, tusimwonee, hakuwa mtu mbaya. Alimvutia kiti, akamwambia kwa upole, "Mwalimu, hatutaki hotuba. Tuambie tu kwamba unaamini, tukuombee, urudi kwenye kwaya."

Gramu akafungua mdomo. Moyoni nilikuwa nampigia kelele: sema, sema, sema basi! Akafumba mdomo. Akaufungua tena.

"Mke wangu ameniomba niseme," akasema hatimaye, "nami nilikuja kusema. Lakini nikilisema hapa mbele yenu huku si kweli, nitakuwa nimeutupa hata ule Ukristo kidogo niliobaki nao."

Mzee mmoja akacheka. "Ukristo gani huo, Mwalimu?"

"Mlionifundisha nyinyi. Msishuhudie uongo."

Aliyecheka alikuwa yule yule niliyemfungulia Biblia kila asubuhi. Ningeweza kusimama. Ningeweza kusema, wazee, fomu hizo mnazozishika nusu ni uongo, na uongo mwingine nimeuandika mimi mwenyewe. Nikainamisha kichwa, nikaandika: Hakukiri.

Dada alifariki wiki tatu baadaye, mchana, wakati nguo zake zikiwa bado kwenye kamba nje. Sikuwepo. Gramu alikuwepo. Alikuwa ameshamwambia ukweli kuhusu lile baraza siku ile ile aliyorudi, na majirani wanasema dada alilia mpaka jioni, kisha akamwomba amwimbie hapo hapo sebuleni, yeye peke yake, sauti zote nne kwa zamu.

Siku ya maziko kwaya iliongozwa na msaidizi wake, mwalimu wa chekechea, binti mwenye bidii. Walianza juu mno. Waimbaji wote walikuwa wakimtazama Gramu, aliyesimama upande wa wafiwa karibu na jeneza, na yeye alikuwa ameifunga mikono nyuma, vidole vimekamatana. Hakuitoa. Walikosea ubeti wa pili wote, wakaumalizia wanalia. Dada yangu akateremshwa hivyo hivyo. Roho iliniuma, inaniuma sasa hivi ninavyosimulia.

Watu walipotawanyika nilimkuta jikoni kwake, anaosha vikombe vya wageni. Nikashindwa kujizuia.

"Shemeji, ile karatasi niliipeleka mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Fomu ilikuwa mkononi mwako, shemeji. Nani mwingine?"

"Na siku ile ya beseni, nilipomwambia sijui?"

"Nilijua."

Nikashika ukingo wa meza. "Kwa nini hukumwambia?"

"Alikuuliza wewe, hakuniuliza mimi. Angeniuliza, ningemwambia, unanijua. Halafu angekufa hana mdogo wake." Aliweka kikombe chini, povu likimdondoka mikononi. "Nilikuwa nakuja hapa jikoni akilala mchana. Napiga magoti hapo chini, kila siku, naomba asije akaniuliza. Na kweli hakuniuliza."

"Ulikuwa unamwomba nani?"

Aliniangalia, uso wake ukakunjamana, akalia kama mtoto, mtu mzima yule, na mimi sikuthubutu kumuuliza tena. Maana mimi ninayeamini, mwenye Mungu wa kumwendea, sikuomba lolote siku ile ya beseni. Nilidanganya tu, nikaaga, nikaenda zangu nyumbani.