Albamu ya Jikoni

Muuza santuri wa mji wa Ennis, Ayalandi, hamwachi mteja atoke kabla hajaitetea albamu yake moja, ya fidla na zumari, iliyorekodiwa jikoni kwa mtu. Huifuta kwa mkono wa sweta hata kama haina vumbi, hushusha sindano, hufumba macho, kisha huinua kidole. "Subiri, bwana. Hapo! Zumari imeingia. Nitajie nyingine kama hii!"

Jana mteja alicheka. "Mzee, mbona kimya? Wapigaji wamekwenda kunywa chai?"

Gráinne, msaidizi wake, aliona waya wa spika umechomoka. Mzee bado alikuwa akigonga mguu kufuata mdundo.

"Kweli," Gráinne akasema kwa sauti kubwa, "hapo ni patamu!"

Mguu ukasimama. Mzee akafumbua macho, akauona waya.

"Binti, tangu lini unasema nami kwa kupiga kelele ndipo nisikie?"